Mnada sawa, lakini walipe kwa mabusta

Mhariri, wiki hii mmetuuliza je sirkali iyapige mnada masafa ya redio yanayotumiwa na simu na intaneti, na pesa zikipatikana ziende wapi. Jibu fupi langu: iyapige, lakini usiwe mnada wa nani ana mfuko mnene. Jibu refu ndo hili hapa, mnivumilie.

Tuanze na masafa yenyewe maana wengi wadhani ni mambo ya mainjinia tu. Kampuni mbili zikirusha kwa masafa yale yale mahali pamoja zinaingiliana, hakuna atakaesikia kitu, kwa hivo lazima awepo wa kugawa, na kwetu Kenya mgawaji ni Mamlaka ya Mawasiliano. Halafu si yote yalingana. Ya chini, hizi megahezi 700 na 800, zaenda mbali na kuta zapenya, busta moja, yaani mnara mmoja wa simu, lafunika vijiji kadhaa, ya juu kama 2600 ama 3500 yabeba data nyingi sana lakini hayafiki mbali, hayo ni ya mjini. Na hayo ya chini ndo yalikuwa ya TV za analogi, mwakumbuka Februari 2015 stesheni kubwa zikatoweka hewani watu wakawa wanagombania ving'amuzi? Sisi twabishana mambo ya ving'amuzi kumbe mali yenyewe ni ile hewa iliyoachwa wazi.

Kugawa kwenyewe watu wamejaribu kila namna. Marekani miaka ya 80 walifanya bahati nasibu, wallahi bahati nasibu kabisa, na 1989 kikundi kimoja kilichoibuka na laisensi ya eneo la Cape Cod kikaenda kuiuza kwa kampuni ya simu ya Southwestern Bell dola milioni 41. Julai 1994 ndo wakaanza mnada. New Zealand walitangulia mnada lakini wakachora sheria vibaya, mshindi alipa bei ya yule wa pili na bei ya chini, ile ambayo hakiuzwi kitu chini yake, haikuwekwa, akatokea mtu amebidi, yaani ametaja bei ya, laki moja dola za kwao akalipa 6. Sita! Sisi hapa mara nyingi bei imekuwa yapangwa mezani. Safaricom 2007 walilipia 3G dola milioni 25, miaka michache baadae wenzao wakaambiwa nyinyi leteni milioni 10, Safaricom wakapiga kelele na mie siwalaumu. Bei ya mezani ndo hivo, hujui ni rahisi ama ni ghali mpaka mwingine apewe yake.

Kwa hivo mnada nautetea, tena mie nauona kwa karibu, nafanya kazi godauni la chai huku Shimanzi na chai yote hii yapita mnada wa Mombasa, ulioanza Nairobi 1956 ukahamia huku baadae. Kitu kimoja mnada wa chai umetufunza ni bei ya chini. Julai 2021 sirkali iliweka chai ya KTDA, shirika la wakulima wadogo, isiuzwe chini ya dola 2.43 kwa kilo, nia nzuri sana, mkulima alindwe, lakini wanunuzi wakaziangalia zile loti wakazipita na chai ikarudi kukaa. Masafa nayo ni vivo hivo. India 2016 walipandisha bei ya 700 mpaka hakutokea hata mmoja wa kubidi, 2021 wakarudia na ikalala tena. Ghana 2015 waliweka dola milioni 67.5 kwa kipande cha 800, viwili vilikuwa mezani, MTN wakachukua kimoja na cha pili kikabaki. Na chai angalau ikikaa bado ni chai, waeza kuiuza mwezi ujao kwa bei ya hasara, lakini masafa yaliyokaa mwaka mzima bila kutumika ule mwaka umekwenda, hakuna godauni la kuuweka.

Upande wa pili pia kuna balaa lake, bei ikipanda kupita kiasi. Mwaka 2000 Uingereza waliuza masafa ya 3G wakapata pauni bilioni 22.5, Ujerumani mwaka huo huo karibu yuro bilioni 50, hazina zikasherehekea na makampuni yakabaki na madeni, wengine Ujerumani walilipa halafu hawakuendelea na wakapoteza laisensi. Ufaransa walioitisha karibu yuro bilioni 5 kwa kila laisensi ilibidi 2001 washushe mpaka milioni 619. Nijeria wao Januari 2001 walipata dola milioni 285 kwa kila laisensi ya simu za mkononi, na mmoja wa washindi hakulipa kwa wakati akanyang'anywa. Ile naipenda. Hakuna kubembelezana.

Sasa pesa. Zikienda hazina kuu Nairobi zimechanganyika na mengine yote, hata mkaguzi akija hawezi kukuonyesha hii shilingi ya masafa ilijenga nini. Na tayari kuna Mfuko wa Huduma kwa Wote ambao makampuni huchangia nusu asilimia ya mapato, sheria yake ya 2009, na bado mtu wa ndani huko Kinango ama Ganze apanda kilima ndo M-Pesa iingie. Hapa Mombasa ndo kebo za baharini zaingilia nchini, TEAMS na SEACOM 2009, EASSy 2010, ile ya TEAMS sirkali na makampuni ya simu walichanga pamoja na Kibaki mwenyewe akaja kuipokea, intaneti ya nchi nzima yapita chini ya miguu yetu halafu ukitoka Mariakani ukaingia barabara ya vumbi bando lako laanza kuzunguka tu.

Mie nataka wabidi kwa mabusta. Ujerumani 2010 walipouza 800 waliwaambia washindi anzeni kwanza vijijini kusiko na intaneti, kwa awamu, mjini baadae. Sweden 2011 kipande kimoja kiligombewa kwa ahadi, mpaka krona milioni 300 ziende kujenga netiwaki kwa majumba na biashara zisizokuwa na intaneti badala ya kuingia hazina. Hapa kwetu tuandike majina ya lokesheni, moja moja, Lunga Lunga, Magarini, Tana Delta, wabidi nani atafunika nyingi kwa muda mfupi, waweke dhamana benki, na mwaka ukifika busta halijasimama dhamana iliwe na masafa yarudi mnadani apewe mwingine.

Msomaji wenu, Shimanzi