Laptopu imeganda, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu hapa Arua. Juzi usiku nikiingiza alama za wanafunzi, laptopu iliganda. Mshale hausogei, kibodi haiitikii. Nikakaa nayo mpaka betri ikaisha. Tableti ya Samsung ya binti yangu nayo huganda hivyo hivyo. – Mama Mwalimu

JIBU: Salama, mwalimu, na pole sana kwa usiku huo. Kwanza bonyeza Caps Lock utazame kile kitaa chake kidogo. Kikiwaka na kuzima kila ukibonyeza, mashine bado inahema. Ipe dakika chache. Kikikaa kimya, shikilia kitufe cha kuwashia bila kuachia, sekunde 10 hivi au zaidi, hadi feni inyamaze na skrini iwe nyeusi kabisa. Wengi huachia mapema, ndiyo maana wanasema haizimiki. Subiri kidogo, kisha iwashe kama kawaida.

Njia hii hufanya kazi kwa sababu amri ya kitufe hicho haipitii Windows (programu kuu inayoendesha laptopu) iliyoganda. Inashughulikiwa na vifaa vyenyewe. Alama ulizokwisha kuhifadhi zimo kwenye diski, salama. Ambazo hukuhifadhi zitapotea, na hilo linaniuma kama linavyokuuma wewe. Bonyeza Ctrl na S kila umalizapo mwanafunzi mmoja.

Tableti ya binti: shikilia pamoja kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti, zaidi ya sekunde 7.

Lakini ukiona laptopu au tableti inasasisha programu, tafadhali usiizime.