Taa ya mbele ya Vitz inayotikisika: ikaze kwanza, mwanga baadaye

Ndugu, umesema taa ya kushoto ya Toyota Vitz yako inatikisika tangu bampa ligongwe kidogo, na mwanga wake unapiga juu kwenye miti. Skrubu za kurekebishia mwanga usiziguse kwanza. Ukirekebisha taa ambayo bado imelegea, matuta ya barabarani yataivuruga tena.

Fungua boneti, weka kiganja kwenye kioo cha taa, tikisa juu na chini, kisha kulia na kushoto. Taa nzima ikicheza, tatizo liko kwenye bolti au kwenye masikio ya plastiki yanayoishikilia. Ganda la taa likiwa limetulia lakini mwanga ukutani unatetemeka injini ikiunguruma, tatizo liko ndani: ncha ya mviringo ya skrubu ya kurekebishia imechomoka kwenye kikombe chake, au balbu haijakaa sawasawa. Anza na balbu, haina gharama. Balbu ya aina ya H4 ina meno matatu, na lile pana hukaa juu. Ikikaa upande, mwanga hutawanyika ovyo na hakuna skrubu itakayoutuliza. Kioo chake usikishike kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi huifanya iungue mapema.

Kwenye Toyota ndogo nyingi bolti za taa hufunguka kwa spana namba 10. Zile za juu unaziona. Nyingine hujificha nyuma ya bampa, ndiyo maana wengi hukaza mbili za juu na taa inaendelea kucheza. Toa klipu za juu ya bampa, skrubu za ndani ya matao ya magurudumu na zile za chini, kisha vuta kona kuelekea nje taratibu. Mtu mwingine ashike upande wa pili. Kama kuna taa za ukungu, chomoa soketi zake kabla bampa halijafika mbali.

Sikio likiwa limevunjika, watu hukimbilia supa gluu. Haifai. Angalia nyuma ya ganda: mara nyingi utakuta alama ya PP, yaani polipropilini, na plastiki hiyo haishikani na supa gluu wala epoksi ya kawaida, gundi hubanduka kama gamba. Kinachodumu ni kuiyeyusha kwa pasi ya kulehemia, ukizamisha wavu mwembamba wa chuma kwenye ufa na kujazia plastiki ya PP. Fanyia nje, moshi wake ni mbaya. Kama kipande kimepotea, kata bati la milimita 1 hadi 1.5 kwa umbo la sikio, ulifunge kwa skrubu fupi na washa (pete bapa za chuma). Toboa kwenye shina la sikio tu. Ukipenya ndani ya ganda, maji yataingia na kiakisi, ile sehemu ya kung'aa inayorudisha mwanga, kitababuka.

Rudisha bolti zote kwa mkono kwanza, linganisha mwanya kati ya taa na fenda, ndipo ukaze. Kaza kiasi, hii ni plastiki.

Sasa mwanga. Tairi ziwe na upepo sahihi, buti tupu, mtu mmoja akae kwa dereva, na kitufe cha kupandisha na kushusha mwanga kama kipo kiwe 0. Sogeza gari karibu na ukuta kwenye sakafu iliyo sawa, weka alama za tepu ukutani mbele ya kitovu cha kila taa, halafu rudi nyuma mita 5 bila kukata kona. Washa dimu, yaani mwanga wa chini. Mstari wa juu wa mwanga unatakiwa uwe sentimita 5 chini ya tepu, yaani asilimia 1 ya umbali. Zungusha skrubu robo mzunguko kwa mara moja, kwa sababu meno yake ni ya plastiki. Taa ya pili izibe kwa boksi lisilogusa kioo.

Kwetu tunakopita kushoto, mstari huo hupanda upande wa kushoto. Ukinunua taa iliyotumika Ilala, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, hakikisha haikutoka kwenye gari la nchi zinazopita kulia, kama za Ghuba: ya namna hiyo hupandisha mwanga kulia, usoni mwa anayekuja, na hakuna skrubu ya kutibu hilo.