Jibu: Unga wa protini bila mazoezi

Ndugu, umeuliza kama mama yako mwenye miaka 72, ambaye miguu imeanza kumlegea, anaweza kurudisha nguvu kwa kunywa unga wa protini bila mazoezi. Kwa maoni yangu hawezi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1994 uliwafuatilia kwa wiki 10 wazee 100 dhaifu, wenye wastani wa umri wa miaka 87, waliokuwa wakiishi katika makao ya wazee; baadhi walifanya mazoezi ya nguvu, wengine walipewa kinywaji cha lishe, wengine vyote viwili, na waliobaki hawakupata mazoezi wala lishe hiyo. Waliofanya mazoezi waliongeza nguvu za misuli zaidi ya maradufu, ilhali kinywaji peke yake hakikuleta tofauti ya maana.

Chakula nacho hakipuuzwi: wataalamu wengi wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, isipokuwa kwa mwenye maradhi ya figo, ambaye sharti amwone daktari kwanza.

Mama aanze na kiti imara kilichoegemezwa ukutani: akunje mikono kifuani, ainuke, kisha aketi polepole, mara 8 hivi, apumzike na kurudia, angalau siku 2 kwa wiki. Kule kushuka polepole kuna kazi kubwa, ingawa wengi wetu hujibwaga tu. Akihitaji kujishikilia mwanzoni, ajishikilie.