Kupanda barabara ya mlimani kwa gari dogo

Umeuliza kama gari dogo linaweza kupanda barabara nyembamba ya mlimani yenye mwinuko mkali. Linaweza, ingawa injini isiyo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kimo, kwa kuwa hewa huko juu ni nyepesi. Basi ingiza gia ndogo kabla ya kufika kwenye kona. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kushuka, kwa sababu anayekanyaga breki mfululizo huzipasha moto hadi zikaacha kushika, ilhali gia ileile uliyopandia ingetosha kuifanya injini izuie mwendo. Mandhari (na yatakushawishi sana) uyatazame ukiwa umeegesha, lakini si katika sehemu ya kupishania magari.