Unataka kuunda manowari ndogo? Shughulika na kiunzi kwanza

Kijana mmoja wa Tanga ameniandikia baada ya kuona picha za Al-Sultanah yangu, mfano mdogo wa manowari ya zamani niliouchonga na kuuuza mwezi uliopita. Yeye huchonga vijahazi vya kuwauzia watalii, mkono wake mzuri, na sasa anataka kupanda daraja. "Fundi, nianzie wapi nami niunde manowari kama hiyo? Na niiuze bei gani?" Nilimjibu kwa maneno machache. Hapa namjibu kwa kituo, maana naamini wengi mnaoshika patasi mna kiu hiyo hiyo.

Chagua meli moja, uijue. Mimi niliichagua Al-Sultanah kwa sababu ni yetu. Iliundwa Bombay mwaka 1833, ikawa ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar: milingoti mitatu, mizinga 14, tani 300 na ushee. Mwaka 1840 iling'oa nanga Unguja chini ya Ahmad bin Naaman Al-Kaabi, ikazunguka Rasi ya Matumaini Mema, ikavuka Atlantiki na kuingia New York tarehe 30 Aprili. Ilipakia tende, kahawa, karafuu, ngozi na pembe za ndovu, pamoja na zawadi za kumpa Rais Martin Van Buren wa Marekani, wakiwemo farasi wawili wa Kiarabu. Katiba yao haikumruhusu Rais kuzichukua kwa hiari yake, ikabidi Bunge liamue la kufanya. Huku nyuma watu wa mji walimiminika gatini kuitazama meli na mabaharia wake. Jeshi la majini la Marekani likaichukua kwenye karakana yake ya Brooklyn, likaitengeneza bila malipo. Ahmad bin Naaman mwenyewe alichorwa na msanii Edward Mooney, na sura yake tunayo mpaka leo.

Ukiijua meli yako hivyo, mtu akikuuliza kwa nini huchongi jahazi kama wenzako utakuwa na la kumjibu. Mimi niliulizwa, tena kwa ukali. Mwenye hoteli mmoja aliniagiza "meli ya Sultani" ya kuweka mapokezi. Alipokuja kuiona, matanga ya mraba yamekwisha kufungwa, alikunja uso. "Hii meli ya Wazungu hii. Mimi nataka tanga la pembetatu, wageni wapige picha." Nikamweleza kwamba Sayyid Said alikuwa na manowari za matanga ya mraba zilizoundwa Bombay. Nikamtajia Liverpool, yenye mizinga 74, ambayo alimtunukia Mfalme William IV mwaka 1836, nayo ikaingia jeshi la majini la Uingereza kwa jina la Imaum. Hakutaka kusikia. Aliondoka akaniachia meli na deni la mbao. Hadi leo jambo hili linaniuma, kwa sababu aliyenikatalia ni mtu wa hapa hapa, aliyeamua kuwa historia yake inaishia kwenye jahazi. Jahazi nalipenda, limenilisha miaka mingi. Lakini manowari zile nazo ni zetu, na fundi asiyelisimamia hilo atachonga anachoambiwa na duka maisha yake yote.

Haya, kazi. Kiunzi kwanza, yaani mifupa ya meli. Ukikosea hapo, hakuna kamba wala rangi itakayokuokoa. Ubavu wa manowari si ubavu wa jahazi: hutanuka karibu na usawa wa maji, kisha ukipanda juu hurudi ndani kidogo, ili uzito wa mizinga usikae nje na kuiyumbisha meli. Tazama picha za manowari Trincomalee, iliyoshushwa majini Bombay mwaka 1817 na ambayo bado inaelea Hartlepool, Uingereza. Ni kubwa mno kuliko Al-Sultanah, lakini ukiukazia macho ule mpindo wa ubavu utaelewa nisemacho.

Mataruma, yaani mbavu za meli, nayakata kwa plaiwudi, nayasimamisha juu ya mkuku, ule uti wa chini wa meli, kisha nanyoosha uzi kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) kuhakikisha hakuna lililokwenda upande. Halafu nachukua ufito mwembamba wa msaji, naulaza juu ya mataruma yote bila gundi. Ufito ukigusa kila taruma bila kuacha mwanya na bila kutuna, kiunzi kimekaa. Ukiona mwanga unapita hata mahali pamoja, rudi kwenye msasa. Mbao za kuvisha ubavu nazilowesha kwenye maji ya moto mpaka zilegee, nazipinda kwenye bomba lililopashwa moto, nazibana kwa pini. Ubao mmoja kulia, mmoja kushoto, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mbao zitavuta na mkuku utapinda. Narudia: kiunzi kwanza.

Kamba pitisha kwenye nta ya nyuki, zisiote manyoya. Kuhusu matanga, wengi hunishauri nitumie merikani, kwa kuwa ndiyo nguo iliyokuwa ikiletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari wa Marekani, zama zile. Wazo zuri kwa masikio, lakini kwa tanga la shibri moja nguo hiyo ni nzito, haikunjiki. Tumia bafta nyembamba, iloweke kwenye chai ya rangi ipoteze weupe. Mizinga utapata sonara akuchongee.

Na usiuze meli bila karatasi ya historia yake. Yangu niliandika kila kitu, hata yasiyopendeza: kwamba karafuu za Unguja zilichumwa na watumwa, na pembe zilishushwa pwani mabegani mwa wapagazi. Kuna aliyeniambia niyafute, mteja asinune. Sikuyafuta. Vijana, mkiona aibu kusema kweli juu ya kitu mlichokiunda kwa mikono yenu, basi bora muuze vikapu.

Meli ile ile iliyokataliwa imekwenda Maskati, kwa Mzanzibari mwenye makazi yake huko. Alihesabu mizinga kwa kidole, akasoma karatasi yote mpaka mwisho, ndipo akauliza bei. Nilitaja ninayoitaka, hakuomba kupunguziwa. Kwa hiyo kuhusu bei, kijana wangu, usipige hesabu ya mbao na gundi peke yake. Weka na usiku uliokesha ukifunga kamba, weka na kusoma kwako. Atakayesema ghali, mwache aende zake.

Sasa nimeanza mataruma ya Liverpool. Ina safu mbili za mizinga kila ubavu, na kila tundu la mzinga lazima lipimwe kabla ubao haujavishwa. Kijana wa Tanga nimemwambia apande boti aje, tuvishe ubavu mmoja pamoja. Aje na patasi yake.