Usikate Wimbo Kabla ya Chemko

Mwaka juzi nilikwenda Morogoro kumjulia hali mjomba wangu. Jioni tulipomaliza kula tukakaa barazani, nami nikamwambia kwa majigambo kidogo, "Mjomba, taja wimbo wowote wa ujana wako, nakuwekea sasa hivi." Akataja. Haikupita hata dakika, gitaa la solo likaanza kulia kwenye spika ndogo niliyoiweka juu ya kigoda. Akaegemea ukuta, akafumba macho. Mimi huku nimeshaona wimbo mwingine wa bendi ileile hapo chini, nikaubonyeza. Halafu mwingine. Wa tatu ulipoanza akafumbua macho.

"Mjomba, mbona unakata? Mwimbaji hata hajaingia."

Niliporudi Dar nilifungua historia ya usikilizaji kwenye simu yangu. Jioni moja tu nilikuwa nimegusa nyimbo 46. Nilijaribu kuimba kibwagizo cha yoyote kati ya hizo, nikaambulia mbili, na zote mbili nilizijua tangu shuleni. Miaka kadhaa nilikuwa najiita mpenzi wa muziki ninayegundua vitu vipya kila siku, kumbe nilikuwa napita milangoni mwa watu bila kuingia ndani. Ndiyo maana naandika haya, kwa sababu najua si mimi peke yangu.

Anayesikiliza muziki wa dansi wa zamani lazima ajue ulivyojengwa. Wimbo huanza taratibu: magitaa yanasalimiana, tarumbeta zinajibu, mwimbaji anaingia na kisa chake, kisa cha ndoa, cha deni, cha rafiki aliyemgeuka. Beti zinakwenda kwa utulivu. Kisha mwendo unabadilika, solo inashika usukani, tumba zinapanda, waimbaji wanaanza kuitikiana, na hapo ndipo watu waliokuwa wamekaa ukumbini wanasimama. Hilo ndilo chemko. Wimbo wa dakika saba au nane unaweza kukuchukua dakika nne kabla hujalifikia. Ukiuhukumu kwa sekunde 20 za mwanzo, umehukumu salamu.

Enzi za santuri ndogo, nyimbo ndefu nyingi ziligawanywa: sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo zilichapwa Nairobi na kurudi huku madukani. Mjomba alinieleza kuwa upande wa kwanza ukiisha ilibidi mtu ainuke, aigeuze sahani, aishushe sindano, ndipo chemko liwafikie. Aliinuka kila mara. Mimi nimekaa kitini, kidole kiko juu ya kioo, na nashindwa kungoja.

Sisemi turudi kwenye santuri. Neema tuliyonayo naiona. Programu ya muziki ya Boomplay wengi wetu tuliikuta ndani ya simu za Tecno tulizonunua, na nyingine, Spotify, ilifunguliwa Tanzania na Kenya Februari 2021. Kabla ya hapo nilikuwa napeleka memori kadi kwa kijana wa kibandani, ananijazia nyimbo kwa bei ya jumla, na nilichopata ni kile alichokuwa nacho kwenye kompyuta yake. Leo nikitaka kusikia taarabu ya Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, naipata nikiwa kwenye foleni ya daladala. Ni jambo kubwa hilo.

Lakini mfumo huu umetufinyanga na sisi. Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa baada ya sekunde 30. Mtunzi anayejua hivyo atakuwekea kibwagizo mapema, atapunguza utangulizi, ataufupisha wimbo ili uurudie. Zisikilize nyimbo nyingi za sasa, utaona mlango na sebule vimeunganishwa. Simlaumu msanii, naye anatafuta riziki. Ila sikio likishazoea mlo huo, wimbo unaojengwa polepole linauona umechelewa.

Kilichonisaidia kwanza ni kuuweka wimbo, kugeuza simu kifudifudi na kutoigusa mpaka uishe. Wimbo mpya naupa nafasi tatu, siku tatu tofauti, kabla ya kusema sikuupenda. Mara ya kwanza nafuata maneno, mara ya pili nalifuata gitaa moja tu, aghalabu besi. Ya tatu nauacha unichukue wenyewe. Nyimbo ninazozipenda kuliko zote sasa, zaidi ya nusu ningezitupa siku ya kwanza.

Jambo la pili limenipa muziki mwingi kuliko orodha yoyote ya mapendekezo: mfuate mtu. Ukipenda sauti fulani, uliza ni ya nani, na alitoka wapi kwenda wapi. Mchukue Muhiddin Maalim Gurumo, aliyefariki 2014. Aliimba NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanzishwa 1964, ambayo jina lake lilikuwa linabadilika na jina la chama: JUWATA, OTTU, hadi Msondo Ngoma ya leo. Mwaka 1978 ilipozaliwa bendi ya Mlimani Park, Gurumo akahamia huko. Baadaye akaenda Orchestra Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Nilipoifuata sauti hiyo moja nilijikuta nimepita bendi tatu na zaidi ya miaka 40, na kila kituo nilikutana na wapigaji ambao nao walinipeleka kwingine.

Unapotafuta, andika pia jina la mtindo wa bendi, kwa sababu mashabiki ndilo walilolitumia na mara nyingi ndilo walilopandishia nyimbo mtandaoni: Sikinde kwa Mlimani Park, Ndekule kwa Safari Sound, Pambamoto kwa Vijana Jazz. Na usiamini kila lebo. Mwaka mzima niliwaambia watu wimbo fulani ni wa Maquis, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa kwenye programu niliyokuwa natumia. Mjomba alisikia sekunde tano akatikisa kichwa: "Hao ni Makassy." Ni bendi mbili tofauti, zote zenye wanamuziki waliotoka Kongo, na aliyepandisha wimbo alichanganya majina. Niliona aibu, maana jina la mtu ndilo lililobaki kwenye kazi yake, nami nilikuwa nalifuta bila kujua.

Mashine ya mapendekezo itumie, ila jua inakufahamu kwa ulichokwisha kusikia. Mimi haikuwahi kuniletea singeli, muziki wa kasi wa mitaani, hata siku moja, na naishi Dar, mji ulioizaa! Niliipata kwa jirani fundi cherehani, ambaye spika yake haikunyamaza kuanzia asubuhi. Mwanzo niliona ni kelele, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Siku moja nikakaa pale nikisubiri suruali yangu, karibu saa nzima, nikaanza kusikia maneno ya MC yanavyopanda na kushuka ndani ya mwendo ule, na kinanda kinavyojirudia kama wimbo wa harusi uliokimbizwa. Nikaja kujua kwamba mwaka 2017 kampuni ya muziki ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko kutoka studio ya Sisso ya hapahapa Dar, na watu wa Ulaya wakawa wanaucheza. Umenipita mimi ninayekaa daladala moja kutoka hapo.

Kwa hiyo uliza watu. Muulize konda, muulize mama ntilie anasikiliza nini akiwa anakatakata vitunguu. Wimbo uliopewa na mtu unausikiliza hadi mwisho, kwa sababu atakuuliza umeuonaje.

Kuhusu bando, pakua usiku ukiwa kwenye mtandao wa bure au bando la bei nafuu, kisha usikilize bila data. Kuna faida nyingine humo: ukiwa na nyimbo kumi tu kwenye simu, huna pa kurukia. Na wimbo wa msanii mdogo uusikilize wote, uurudie. Tangu 2024 Spotify haimlipi mwenye wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12.

Mwezi uliopita nilirudi Morogoro na redio kaseti niliyoinunua mtumba. Mjomba akatoa boksi la viatu chini ya kitanda, kanda 31, majina ya nyimbo yameandikwa kwa kalamu ya bluu kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa anajali. Nyingine utepe umejikunja, tukaunyoosha kwa kidole na kuuzungusha kwa kalamu. Tumeshahamisha 20 kwenye kompyuta, kila moja na jina la bendi anavyolijua yeye. Ikifika kwenye chemko ananinyooshea mkono nisiseme kitu. Zimebaki 11.