MySQL na Power BI: ripoti isiguse majedwali mabichi

Mkuu uliyeuliza, nimekuelewa hivi: mfumo wenu wa mauzo uko kwenye MySQL (programu ya kuhifadhi data), umeunganisha Power BI (programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti) kwenye laptopu yako ikakubali, lakini ripoti ukishaipandisha mtandaoni haijisasishi, na bosi analalamika kwamba mauzo hayalingani na ya mhasibu. Hayo ni mambo mawili tofauti. Yote yalinikuta nilipokuwa kiwanda kimoja cha mikate Morogoro.

La kwanza ni jepesi. Ripoti ikiwa mtandaoni haiioni seva iliyo ofisini kwenu. Unahitaji On-premises data gateway, programu inayounganisha seva ya ofisini na Power BI ya mtandaoni; sisi tulikuwa tunaiita geti tu. Lisakinishe kwenye kompyuta isiyozimwa, sio laptopu unayoondoka nayo jioni. Geti lenyewe ndilo linalotoka nje kwenda mtandaoni, kwa hiyo mtu akikushauri ufungue poti 3306 (mlango wa MySQL) kwenye ruta, mkatalie. Sakinisha pia Connector/NET ya MySQL, kiunganishi ambacho Power BI inakitumia kuisoma MySQL, kwenye kompyuta hiyohiyo, na jina la seva liandike vilevile kama ulivyoliandika kwenye Power BI Desktop. Nilipoteza siku mbili nzima kwa sababu upande mmoja niliweka localhost (yaani "kompyuta hii hii"), upande wa pili namba ya IP. Leseni ya Pro inakuruhusu kupanga isasishwe mara 8 kwa siku; kwa mauzo inatosha kabisa.

Sasa hesabu. Hapa tulia, mkuu, maana bosi akishaona namba ya uongo mara moja, ripoti zako haziamini tena hata zikiwa sahihi.

Kwetu gari la kwanza la mikate lilikuwa linatoka saa nane usiku. Mfumo uliandika muda kwa UTC, saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3. Mikate iliyouzwa usiku wa kuamkia Jumanne ikawa inasomeka Jumatatu, saa tano usiku. Mwisho wa mwezi mauzo ya tarehe 1 yakarudi mwezi uliopita, na mhasibu alikuwa na haki ya kugoma. Dawa ni kugeuza muda uwe wa kwetu kwa CONVERT_TZ(muda, '+00:00', '+03:00') kabla hujatoa tarehe. Kwetu saa hazisogezwi kwa msimu, hiyo 3 haibadiliki.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Jedwali la ankara lina jumla ya ankara, jedwali la bidhaa lina mstari kwa kila bidhaa. Ukiyaunganisha kwa JOIN, amri ya SQL (lugha ya kuiuliza databesi), ankara ya shilingi 60,000 yenye bidhaa tatu inajirudia mara tatu, ukijumlisha unapata 180,000. Jumlisha kutoka kwenye mistari ya bidhaa, idadi mara bei, achana na ile jumla ya juu.

Marekebisho haya usiyafanye ndani ya Power BI, kila ripoti na yake. Sisi tulifungua databesi nyingine kwenye seva ileile, tukaiita ripoti, ndani yake tukaweka viu peke yake, yaani maswali ya SQL yaliyohifadhiwa kwa jina na kusomeka kama majedwali. Kisha tukatengeneza mtumiaji kwa CREATE USER, tukampa haki ya kusoma tu:

GRANT SELECT ON ripoti.* TO 'msomaji'@'192.168.1.20';

Hiyo IP ni ya kompyuta yenye geti. Viu za MySQL, usipobadilisha kitu, zinatumia haki za aliyezitengeneza, kwa hiyo msomaji hahitaji ruhusa kwenye majedwali yenyewe. Namba za simu za wateja haoni, na hawezi kufuta chochote. Tafadhali usiunganishe kwa root, yule mtumiaji mwenye mamlaka yote, hata kwa majaribio. Majaribio ya namna hiyo huwa yanabaki miaka.

Kabla hujampelekea bosi tena, kaa na mhasibu wako, mchague siku moja tu. Mimi na mama mhasibu tulitandaza ankara zote za karatasi za siku hiyo mezani, yeye akajumlisha kwa kikokotoo chake, mimi nikasoma viu. Mara ya tatu ndipo ikalingana mpaka shilingi ya mwisho, na kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa anaitetea ripoti kwenye vikao.

Ukikwama kwenye kuandika viu, weka hapa muundo wa majedwali yako, majina ya safu tu bila data ya wateja, nitakuandikia ya kwanza.